Gedion Mbaluka Nyamai, Fundi wa Pinde wa Mukuyuni (1950–2024)

Gedion Mbaluka Nyamai alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 nje kidogo ya Mutomo, Kitui, akiwa mtoto wa tano wa marehemu Mzee Nyamai na marehemu Mama Kalondu. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alitembea kabla ya kujua kukaa, na waliomfahamu hawakuona kama alitia chumvi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1965. Dawati lilimtesa. Walimu walipochoka kumwambia atulie, walimtuma maji kwenye visima vya mchangani. Alikwenda mbio na kurudi mbio, nusu ya maji ikiwa imemwagika njiani.

Alifanya vibarua vya barabara Kitui mjini, kisha mwaka 1974 akahamia Mukuyuni kwa mjomba wake aliyekuwa akichonga pinde. Huko alipata kazi iliyolingana na mikono yake. Walinzi wa maduka na vikundi vya ngoma walimjua. Alikata mti wa mulawa, akaukausha kivulini, akaupunguza kwa panga, kisha kwa kisu, na mwisho kwa kipande cha chupa. Kila alipokwangua kidogo aliuvuta upinde autazame unavyojikunja, halafu akausimamisha katikati juu ya kidole kuona ni upande upi unaolala.

"Mkono wa upinde ukiwa mzito huchelewa kurudi," aliwaambia wateja wenye haraka. "Na ukichelewa, utakupiga teke la kiganja."

Hata upinde ukishafungwa kamba, aliweza kumfuata mteja hadi sokoni amnyang'anye. "Lete kwanza. Huu mkono wa chini bado."

Mwaka 1977 alimposa Nzisa, binti wa Mzee Ndolo wa hapa Mukuyuni. Mzee Ndolo alikuwa mwindaji zamani zake, na juu ya mbuzi wa mahari alitaka upinde. Mbaluka alipouleta, mzee aliuvuta mara moja, akamrudishia.

"Kijana, mkono wa juu umebeba nyama nyingi. Nenda nao."

Aliporudi, kosa likawa la mkono wa chini. Safari iliyofuata, kabla mzee hajaugusa, Nzisa alimwambia baba yake akiwa mlangoni pa jikoni, "Nau, huyu atakwangua mpaka ibaki kamba peke yake. Mnataka niolewe na kamba?"

Mzee alicheka hadi akaketi chini. Harusi ilifungwa kanisani tarehe 10 Desemba 1977, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Kalondu, aliyepewa jina la bibi yake.

Mwezi wa Mei 2023, akiwa amemtembelea dada yake Nzilani, alipatwa na kiharusi, akalazwa katika hospitali ya misheni Mutomo. Alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, lakini mkono wake wa kulia haukutambua tena kizito na chepesi. Hakuna kilichomsumbua kama hilo. Aliinuka katikati ya chakula, akaenda kibandani, akautazama upinde wa Mwau, mlinzi wa sokoni, uliokuwa umefika nusu, akarudi, akainuka tena. Siku moja aliomba moto auchome.

Nzisa alichukua kipande cha chupa, akaketi mahali pake. "Niambie."

"Hujui hii kazi."

"Sijui. Lakini nina mikono miwili."

Wakaanza, wakigombana kila asubuhi. Alimfundisha kuuvuta macho yakiwa yamefumbwa, asikilize ni upande upi unaokataa. Polepole Nzisa akaanza kuusikia. Ikafika siku akasema pande zote zimekuwa sawa.

"Toa kidogo tena pale chini," mumewe akasema.

"Baba Kalondu, nikitoa tena, utakuwa mwepesi kuliko mwenzake. Sitoi."

Katika kibanda kile Mbaluka hakuwahi kukataliwa. Alichukua fimbo, akatoka, akazunguka ua, akaingia, akatoka tena. Nzisa hakuinuka. Mwishowe Mbaluka alisimama mlangoni. "Haya, piga nisikie."

Nzisa alijifunga leso vizuri, akaufyatua mshale kwenye gunia la maganda ya mahindi. Mbaluka aliinamisha kichwa mpaka mlio wa kamba ukaisha.

"Kiganja kimeuma?"

"Hakijauma."

"Basi mwite Mwau achukue uta wake."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Lakini kesho yake kabla ya chai alikuwa ameegemea geti, akimhimiza Nzisa wakatafute mti mwingine. Walifanya kazi pamoja hivyo mwaka mzima, na majirani walisikia ubishi wao hadi barabarani.

Kiharusi cha pili kilimjia nyumbani, na asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2024 Bwana alimwita. Nzisa alikuwa amemshika mkono. Upinde mmoja umebaki haujakamilika. Nzisa amesema ataumaliza, na asiulizwe lini.

Mzee Mbaluka ameacha mjane wake Nzisa, watoto Kalondu, Nyamai na Ndolo, wajukuu, na dada yake Nzilani wa Mutomo.

Bwana ampumzishe, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujua kupumzika.