Alawi, Mwenye Kile Kitabu

Kabla hatujamtoa kaka yangu hapa nyumbani, tumkumbuke. Alawi Said alizaliwa Mwigobero, Musoma, tarehe 14 Machi 1958, kifungua mimba wa Mzee Said fundi cherehani. Mimi Mwanahalima ndiye niliyemfuata, kwa hiyo ubishi wake naujua kuliko nyote mliopo.

Alisoma hapahapa Musoma, akafundisha Bunda, kisha mwaka 1984 akapata nafasi ya masomo Iran. Alirudi 1990 na Kiajemi cha kutosha kutuchosha sote wakati wa kula. Baadaye alifundisha Kiswahili Butiama hadi alipostaafu 2018.

Mwaka 1991 alimwoa Tausi, wakajaliwa Said na Najat. Said alizama ziwani kule Mugango mwaka 2011. Mwaka uleule Alawi alianza kutafsiri riwaya ya Kiajemi ya mama anayegombana na Mungu kwa sababu mwanawe hakurudi kutoka vitani. Huko kwao ilipigwa marufuku. Huku ilipotoka, 2016, ikawa balaa. Aliitwa kafiri, duka likarudisha vitabu, na kikundi chetu cha kuzikana kikamtoa. Iliuma, tusifichane. Aliniuliza, “Halima, nikifa nani atanibeba?”

Hata hivyo hakukosa msiba. Alichimba, akabeba jeneza, akaondoka kabla ya chakula ili asimpe mtu taabu ya kumkwepa.

Siku moja Mzee Amini, mwenyekiti wa kikundi, alikuja amefura. “Mimi sisomagi hadithi, mwalimu, ila hiki nimekimaliza. Yule mama nimemlilia. Na bado nimekasirika.” Alawi alicheka hadi akaegemea ukuta. “Tausi, weka chai. Nimepata msomaji.” Tangu hapo walibishana kila Ijumaa baada ya swala.

Figo zilianza kumsumbua 2023. Amefariki jana alfajiri, tarehe 9 Februari 2025, Tausi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti yake Najat, wajukuu wawili, mimi dada yake, na kitabu ambacho wengine hapa hamjakisamehe. Mzee Amini ameniomba niseme wazi kwamba hajabadili msimamo wake. Nimesema. Ila alipokuja kuniambia hayo asubuhi hii, alikuwa na udongo wa kaburi hadi magotini.

Kaka, uliniuliza. Wa kukubeba ndio hawa, wamesimama mlangoni. Mwenyezi Mungu akupokee, ulale salama.