Mwalimu Imakulata Sikazwe na Wimbo wa Mlango

Tarehe 30 Juni 1999 Mwalimu Imakulata Sikazwe anafunga miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia hapa Mpanda. Alianzia Sumbawanga mwaka 1968, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwili umeongezeka, sauti ni ileile. Akifundisha fasihi kidato cha tatu, waliopo maabara wanasikia na kuandika.

Wengi mnamfahamu kwa maswali yake matatu: nani anasema, anamwambia nani, amenyamazia nini. Mwanafunzi aliyesema dhamira ya wimbo wa dansi redioni ni mapenzi aliambiwa arudie kusikiliza. "Huyu mwanaume analia mke kaondoka," Mwalimu alimwambia, "lakini mbona kila ubeti anataja sufuria? Ana njaa huyu." Darasa zima lilicheka, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyesikiliza redio kwa amani.

Kuna mwaka aliwatoa wanafunzi shuleni kwa mstari, akawapeleka mtaa wa Makanyagio kuangalia picha iliyochorwa ukutani mwa baa: simba amevaa tai, anakunywa bia, swala anamhudumia. Walibishana pale nje kama simba ni tajiri au ni mlevi wa kawaida tu. Mzee Gelasius, mwenye baa, alitoka mbio akidhani ni watu wa afya. Alipoelezwa, alikaa kwenye benchi akasikiliza, kisha akasema yeye alimwambia fundi achore simba kwa sababu simba ni rahisi kuchora. Mwalimu akawageukia wanafunzi: "Hilo nalo ni jibu, liandikeni." Mkuu wa shule aliposikia kidato cha tatu kimeonekana baa saa nne asubuhi, alimwita ofisini. Mwalimu alitoka huko akiwa anacheka.

Ningependa wasifu huu uishie hapo. Lakini mwenyewe aliniita juzi akaniambia, "Evarist, ukiandika habari ya simba ukaacha ya Séverin, usiusome mbele yangu." Basi naandika.

Séverin alizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi hapa jirani, mtoto wa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Alikuwa kimya darasani na hodari kwenye kwaya. Mwishoni mwa 1993, kwao kulipoharibika tena, habari ilifika kwamba bibi yake aliyebaki kule ameuawa. Séverin hakuwahi kumwona bibi huyo. Hata hivyo alibadilika. Alianza kukaa peke yake, na mwaka 1995 alipokuwa kidato cha tatu alitunga wimbo ambao kwaya iliuimba siku ya mahafali:

*Mlango wa bibi uko wazi, upepo unaingia,*
*Mvua inalowesha kitanda, hakuna wa kukihamisha.*
*Nitakwenda, nitakwenda, nikaufunge mwenyewe.*

Akina mama walilia. Lakini kati ya wageni waalikwa alikuwepo ofisa mmoja aliyeinuka kabla wimbo haujaisha. Siku zile ilinong'onwa kwamba kuna vijana makambini wanaondoka kwenda kupigana Burundi. Wiki hiyohiyo kikao kikaitwa: mkuu wa shule wa wakati ule, yule ofisa, na walimu tuliokuwepo. Mwalimu Imakulata aliombwa aeleze dhamira ya wimbo.

Alisimama. Alisema anayesema ni mjukuu, anamwambia marehemu, na wimbo ni wa maombolezo. Mtu akifiwa mbali, alisema, kinachomuuma ni kwamba hakuwepo kufanya hata kazi ndogo, kama kufunga mlango.

"Mwalimu, usitupe mashairi," ofisa alisema. "Huyu kijana anataka kwenda, au hataki?"

"Mmeniuliza wimbo, nimewajibu wimbo. Mkitaka kujua yeye anataka nini, muulizeni. Lakini nyie mtamuuliza kama mtoto aliyefiwa, au kama mwizi?"

Séverin akaitwa. Alisimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi. Ofisa akamuuliza kama anataka kuvuka mpaka. Mwalimu Imakulata alimtazama na kutikisa kichwa kidogo sana, lakini kijana alikuwa anaangalia sakafu.

"Ndiyo," alisema. "Nataka kwenda."

Alifukuzwa shule siku hiyo. Ikaamuliwa pia kwamba kwaya isiimbe tena wimbo wowote ambao uongozi haujaupitisha. Mwalimu Imakulata alichukua baiskeli akaenda Katumba kumtafuta, akamkuta anapukuchua mahindi na mama yake, Mama Libérate. Alimsihi asubiri, kwamba atamtafutia shule nyingine. Séverin alimwambia, "Sawa, mwalimu." Mwalimu alirudi tena wiki iliyofuata na ile iliyofuata. Safari ya nne alimkuta mama peke yake.

Mwanzoni mwa 1997 kijana mmoja aliyerudi kutoka vitani Burundi alileta habari kwamba Séverin amekufa. Hakujua siku wala mahali alipozikwa.

Mwalimu Imakulata alikwenda msibani na kukaa mkekani na wanawake wengine. Jioni ya pili Mama Libérate alimsogelea.

"Mwalimu, watu wanasema mwanangu alifukuzwa kwa ajili ya wimbo. Mimi siku ile sikuwepo. Alisema nini?"

Mwalimu akamwimbia polepole, kwa sauti ya chini ambayo sisi hatujawahi kuisikia kwake. Mama Libérate alimwomba arudie.

"Bibi yake hakuwa na mlango," alisema. "Mama yangu alikuwa anaziba nyumba kwa mkeka wa matete. Séverin hakuijua nyumba ile. Mlango aliokuwa anaufunga toka utoto ni huu wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia kelele kila siku: funga mlango, mvua inalowesha kitanda."

"Mama Séverin," mwalimu alisema, "sisi tulidhani anamlilia bibi."

"Labda alimlilia. Mimi nasikia mtoto anaogopa akiondoka, mama yake atabaki na nyumba wazi."

Mwalimu alitusimulia haya chumba cha walimu, amesimama, kikombe cha chai kimepoa mkononi. "Ofisa alisikia vita," alisema. "Mimi nilisikia msiba. Nimemfundisha mtoto huyu miaka mitatu, nimemfundisha kuuliza nani anasema, na sijawahi kumuuliza kwao wanaishije." Aliweka kikombe akaenda darasani. Siku hiyo sauti yake haikufika maabara.

Hakuacha kufundisha, ingawa tulidhani ataacha. Alibadili namna. Siku hizi kabla darasa halijagusa shairi lolote, anawatuma wanafunzi nyumbani kuwauliza wazazi neno moja lililomo: shoka, kisima, kitanda. Wanarudi na majibu ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, na somo linachukua wiki mbili badala ya moja. Mkaguzi alilalamika kwamba haendi na ratiba. Lakini matokeo ya Kiswahili ya mwaka jana yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyowahi kupata. Kila likizo anakwenda Katumba, na mara nyingine ni Mama Libérate anayekuja kwake. Wanapika, wanakaa. Sijui wanaongea nini.

Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, tulikuwa tumeshaandaa majibu ya kitenge na cherehani. Alisema hataki kitu cha kubeba. Anataka ile amri ya nyimbo iondolewe. Walimu tulijadili vikao viwili. Wapo waliosema nyakati bado ni mbaya, wakimbizi wanazidi kuongezeka, na shule itakuja kujibu. Hawakuwa waongo. Amri haikuondolewa. Uongozi umekubali jambo moja tu, kwa siku ya leo.

Mwalimu Imakulata, shule hii inakushukuru kwa masikio uliyotupa. Tunakuombea shamba lako la Kibaoni lizae mpunga, magoti yakupe nafuu, na usingizi uje mapema. Ishi vizuri, mama, na utukumbuke kwa mema tuliyoyaweza.

Sasa waheshimiwa wageni, pamoja na Mama Libérate aliyeketi mstari wa mbele, tunaomba tusimame. Kwaya itaimba wimbo uliotungwa na Générose wa kidato cha pili. Hakuna aliyeukagua.