Nilipong'oa Kiti cha Nyuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu na uso sijui niuweke wapi, maana wengi mliomo humu mliniona.

Mimi ndiye bwana shamba wenu. Mnakumbuka nilivyoanguka na pikipiki mteremko wa kwenda Muleba, nikavunjika mguu, nikaapa sipandi tena. Mungu akaniponya. Nikairudia pikipiki, ila kwa woga na, niseme kweli, kwa kujipenda. Nikaipeleka Bukoba kwa fundi. Nikachagua kioo cha kukinga upepo, mifuko ya ngozi ya ubavuni, na kiti kipana cha sponji chenye egemeo la mgongo. Fundi akasema, "Waitu, ndugu yangu, egemeo hili litakula nafasi ya abiria." Nikamjibu, "Ng'oa kiti cha nyuma, tena afadhali! Nimechoka kuombwa lifti."

Na ndiye mimi niliyesimama mikutanoni kuwahubiria ujamaa! Aibu gani hii, jamani!

Siku moja mama yake Rwegasira, jirani yangu, alinipungia mkono pale Nshamba. Alikuwa na homa, amekaa chini kando ya njia. Nikamwonyesha kiti changu kwamba nafasi hakuna. Nikapita. Mbele kidogo moyo ukanisuta, lakini sikurudi.

Ndugu zangu, masika ilipofika, mke wangu Paskazia akashikwa na uchungu, mtoto hatoki. Nikaikimbilia pikipiki, nikashika usukani, ndipo nikakumbuka. Hata nikimfuata mkunga, nitampakia wapi? Nikalia pale migombani kama mtoto. "Yesu, usimwadhibu Paskazia kwa ajili yangu!"

Wanawake waliokuwa ndani walikwisha kuita watu. Wakaingia wanaume wa kijiji na machela, machela ile ambayo mimi sikuwahi kuibeba hata siku moja. Aliyetangulia ni Rwegasira. Nilishindwa kumtazama. Habari za mama yake hakuzigusa kabisa. Alisema tu, "Waitu, hebu kifungue kile kiti chako laini. Tumlaze kichwa, njia ina mawe."

Nikakifungua. Wakambeba kwa zamu mpaka zahanati, nami nimeshika mti mmoja wa machela, bega linawaka moto, na sikukubali mtu anipokee. Paskazia akajifungua salama. Haleluya! Mtoto huyo hapo mgongoni kwa mama yake, mnamsikia.

Namshukuru Bwana, na nawashukuru ninyi mlionibebea mke bila kunisema. Mngenisema, nisingeumia hivi. Kama yupo humu aliyemnyima mwenzake nafasi, amtegemee Yesu, aje leo. Mimi nilikuja nikiwa na haya zangu zote, na hakunifukuza.

Egemeo nimelitoa, kiti cha nyuma kimerudi. Mama Rwegasira, nakuona hapo mbele. Ibada ikiisha, mama yangu, usianze kutembea. Nitakungoja mlangoni.