Miaka Thelathini na Mitatu ya Nyamizi Maduhu Kwenye Meza ya Pamba

Kwanza nyamazeni, ninyi mnaonong'ona kwenye foleni ya uji kwamba Nyamizi anastaafu kwa sababu titi limemshinda. Halijamshinda. Ametimiza miaka hamsini na mitano, ameomba mwenyewe kwa barua, ameruhusiwa. Na wewe uliyesema kwamba akishastaafu gari la kumpeleka kliniki si lake tena, subiri, nitakufikia.

Nyamizi binti Maduhu aliingia jineri hii, kiwanda chetu cha kuchambulia pamba, Julai 1977, enzi za mamlaka ya pamba ya serikali. Siku yake ya mwisho ni tarehe 30 Juni 2010. Mimi mpishi wenu niliishia darasa la nne, lakini kwa hesabu yangu hiyo ni miaka thelathini na mitatu.

Alitoka Mwamapalala, kwa wakulima. Alianza kwa kufagia mbegu chini ya mashine, na msimu wa tatu akapandishwa mezani kupanga madaraja: pamba safi huku, pamba fifi, yenye madoa na takataka, kule. Wengine huiangalia pamba kwa macho. Yeye huzamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, anatulia, ndipo anasema. Mzee mmoja wa Mwanhuzi aliwahi kumwaga ndoo ya maji katikati ya mzigo ili uvute mizani. Nyamizi akautoa mkono, akaukung'uta, akamwuliza, "Bhabha, kwenu mvua inanyesha ndani ya magunia?" Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaimwaga pamba yake juani bila kubishana.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, malori yakajaa Bariadi. Mwaka huohuo, baada ya kumwachisha ziwa mtoto wake wa mwisho, Sayi, titi la kushoto la Nyamizi lilivimba. Lilikuwa gumu kama kiazi, la moto, na linauma. Likapasuka, likatoa usaha, likafunga, kisha likapasuka pembeni. Sindano za zahanati hazikusaidia. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi mingi, wala hazikusaidia. Miguu ikatoa mabonge, magoti yakakaza. Maneno nayo hayakukosa: amerogwa, ni kansa, alimnyonyesha mtoto akiwa na mimba. Alikuja kazini kila siku.

Mwaka 1996 jineri ikachukuliwa na kampuni. Wizi wa pamba ulikuwa mwingi, ikawekwa sheria ya kupekuliwa getini. Jioni moja mlinzi Mahona alimkuta Nyamizi na pamba kifuani, bonge zima. Akapiga filimbi kama amekamata chui. Wanaume wakaja kutazama, na hakuna hata mmoja aliyegeuza uso. Mwanamke wa watu akapelekwa kwa meneja wa wakati ule kama mwizi.

Alichomoa pamba ile akaiweka mezani. "Mimi ndiye ninayewapangia pamba," akasema. "Yenu ina vumbi la majani, na nyuzi zake zinashika vidole. Hii imeoshwa, imetoka duka la dawa kwenye karatasi ya bluu. Nina kidonda. Gusa." Meneja hakugusa. Alimwondolea shtaka la wizi, lakini wiki iliyofuata, orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipotoka, jina la Nyamizi lilikuwa la kwanza: mwenye kidonda asishike pamba ya watu.

Na mimi nisijifanye mwema. Nilikuwa nimemtengea kikombe hapo jikoni, chenye alama ya msumari. Aliniona, akanywea hichohicho. Nimeliandika hili ili msiniige.

Mumewe, Masalu, hakumkimbia. Alimpeleka Mwanza hospitali ya rufaa. Wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipima. Si kansa. Si kifua kikuu. Ni ugonjwa wa titi usiopatikana kwa wengi, uvimbe sugu, na daktari alikiri kwamba hata wao hawajui unaletwa na nini. Hauambukizi. Unalala, unaamka, unalala tena. Akapewa vidonge vya kutuliza uvimbe, na onyo kwamba asiviache ghafla. Vilimvimbisha uso, vikamtia njaa, akawa anamaliza matobolwa, vile viazi vikavu, ya watu wawili. Kidonda kikaanza kukauka.

Huku nyuma kijana aliyewekwa mezani kwake alikuwa anapokea kila kinacholetwa. Wiki ya sita mchanga uliofichwa kwenye pamba uliingia mashinani, misumeno ikatoa cheche, marobota kumi na moja yakaungua. Kesho yake meneja mwenyewe alikwenda Mwamapalala kumwomba arudi mezani. Nyamizi alimpa kiti, akampa maji, akasoma barua ya daktari mbele yake neno kwa neno. Kisha akatoa sharti moja tu: siku ya kliniki, kila miezi mitatu, gari la ofisi linalopeleka sampuli za pamba Mwanza limchukue. Meneja akakubali.

Tangu siku hiyo ameugua tena mara nne. Kila mara alifunga kitambaa, akameza dawa, akakaa mezani. Wasichana kumi na wawili amewafundisha kupanga pamba. Wanawake wanapekuliwa na mwanamke, ndani ya chumba chenye mlango, kwa sababu yeye alisimama kwenye mkutano na kudai hivyo wakati sisi tunatazama viatu.

Mayu Nyamizi, wabeja. Tunakushukuru kwa mkono wako na kwa ulimi wako mfupi. Nenda ukalale mpaka jua litoke, ukawasumbue wajukuu, na mwili ukupe nafasi.

Sasa wewe uliyesema gari si lake tena. Yeye amestaafu, ugonjwa haujastaafu. Sharti lile lilikuwa la mtu anayeumwa, halikusema mpaka lini. Bwana meneja, liandike jina lake kwenye orodha ya gari kabla sherehe haijaisha, nami nitasimama hapo nione. Na wewe Marcelo, dereva, Jumanne ya tarehe 13 Julai uwe mlangoni kwake saa kumi na moja alfajiri. Mkalishe mbele, si nyuma na magunia, na kwenye mashimo punguza mwendo.