Mkono wa Tano wa Kaboni

NYANGAU: Haloo, ofisi ya shule, Kisii. Nani huko?

TRYPHOSA: Ni mwalimu Tryphosa, wa shule ya harambee Ekerenyo. Bwakire buya, mwalimu Nyangau.

NYANGAU: Bwakire. Sema upesi. Kesho asubuhi tunaenda maonyesho ya sayansi Kisumu, bado nafunga vitu.

TRYPHOSA: Ndiyo maana nimeteremka mpaka posta ya Nyamira. Nusu yetu ya ule mfano wa molekuli ya sukari ilifika salama?

NYANGAU: Ile ya magunzi? (anacheka) Ilifika. Magunzi ya mahindi, mwalimu. Masizi yamenichafulia shati. Nusu yetu ni mipira ya plastiki, imetoka Uingereza.

TRYPHOSA: Masizi ndiyo kaboni yetu. Umeshaunganisha?

NYANGAU: Jana. Glukosi yenu, fruktosi yetu, sukari kamili. Vipande arobaini na nane, sijapoteza hata kimoja.

TRYPHOSA: Arobaini na nane?

NYANGAU: Ishirini na nne vyenu, ishirini na nne vyetu. Hata mtoto wa darasa la pili anajumlisha. Na wale wasichana wako watatu waliotengeneza nusu yenu wasihangaike sana. Wakija watawapa wageni maji ya kunywa.

TRYPHOSA: Maji? Si majina yao yako kwa kadi ya maonyesho?

NYANGAU: Kadi ni ndogo. Nimeandika vijana wangu.

(laini inakwaruza)

TRYPHOSA: Mwalimu, kamati yetu imesema wasichana wasipotajwa Kisumu, kemia inafutwa mwaka ujao. Wafundishwe upishi tu.

NYANGAU: Upishi ni kitu kizuri. Magunzi nayo yanawasha moto vizuri.

TRYPHOSA: Nimesikia. Sasa nikuulize, hiyo waya ya kuunganisha umeishikiza wapi?

NYANGAU: Mpira mweusi kwa gunzi jeusi. Nikatoboa tundu, basi.

TRYPHOSA: Kabla hujatoboa, mpira ulikuwa na matundu mangapi?

NYANGAU: Sasa hiyo ni —

TRYPHOSA: Mangapi?

NYANGAU: ... Manne.

TRYPHOSA: Na sasa ni matano, na kila tundu ni mkono mmoja. Jaji ataanza hapo hapo. Tangu lini kaboni ikawa na mikono mitano?

NYANGAU: Unanifundisha? Mimi nina digrii, wewe una cheti.

TRYPHOSA: Cheti changu kinajua kwamba sukari mbili zikiungana, maji yanatoka. Oksijeni moja, hidrojeni mbili. Vinabaki arobaini na tano. Ulitakiwa kuondoa vipande vitatu, ukaondoa wasichana watatu.

NYANGAU: Nitaangalia kitabuni.

TRYPHOSA: Angalia.

(karatasi zinafunuliwa)

NYANGAU: Ni ukurasa gani?

TRYPHOSA: Mwenye digrii atauona.

NYANGAU: Tryphosa... dada yangu, hebu niambie tu ni vipi vitatu. Nikivuta kipande kibaya jambo lote linabomoka.

TRYPHOSA: Leo nimekuwa dada. Chukua kadi na kalamu ya wino. Kemuma. Drusilla. Persis.

NYANGAU: Nitaandika baadaye —

TRYPHOSA: Sarafu zangu zinaisha, na kibanda kina foleni. Andika.

NYANGAU: ... Nimeandika.

TRYPHOSA: Wapi?

NYANGAU: Chini.

TRYPHOSA: Yaya, siyo hapo. Juu, kando ya vijana wako. Nisomee.

NYANGAU: Kemuma. Drusilla. Persis, Ekerenyo. Umeridhika? Sasa sema, nitoe vipi?

TRYPHOSA: Usitoe kitu. Ng'oa waya yako, ziba hilo tundu na nta, nusu mbili zisafiri kila moja peke yake. Kemuma ndiye anajua vipi vinatoka. Ataunganisha mwenyewe, mbele ya majaji.

NYANGAU: Mbele ya — na mimi? Mimi nitafanya nini huko, nisimame kama mti?

TRYPHOSA: Hapana. Vile vitatu vikitoka, lazima mtu avipokee mkononi, majaji wavione.

NYANGAU: Mwalimu, mimi ni mkuu wa sayansi hapa —

TRYPHOSA: Najua. Wewe utashika maji. Haya, simu inakatika, kwa heri ya —