Dedan Ngatia, Mpima Ardhi wa Lorupai, Kama Alivyosomewa na Mdogo Wake

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa na wa ukoo, majirani wa Ragati, na ninyi wageni wa kutoka Lorupai mlioketi upande wa kulia, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Kinuthia Mathenge, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye Jumatatu iliyopita alilikataa ombi la watu wa Lorupai la kulibeba jeneza kutoka hapa hemani hadi kaburini, akisema kwamba mwili ni wa nyumbani na wenye nyumbani wapo. Uso wa mjane, Monicah, ulionyesha kwamba hakuridhika, na kwa hivyo kamati ikamwachia Kinuthia atoe uamuzi wa mwisho leo, akishamaliza kusoma. Mtamvumilia, kwa sababu kusoma sifa za mtu uliyemwonea wivu tangu utotoni si kazi nyepesi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Ragati, karibu na Karatina, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Mathenge na marehemu Mama Ngendo, na kama ilivyo desturi yetu alipewa jina la babu upande wa baba, ndiyo maana Mzee Mathenge hakumwita mwanawe kwa jina bali alimwita "baba", akimwamkia kwa heshima hata alipokuwa bado ananyonya. Kinuthia alizaliwa tarehe 2 Juni 1960, akapewa jina la babu upande wa mama, na mzee akamwita Kinuthia. Hilo ni jambo dogo, naye amejiambia hivyo kwa miaka sitini na mitano, lakini halijawahi kuwa dogo.

Dedan alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mjini Nyeri hadi 1974, na mwaka 1975 akaingia chuo cha upimaji ardhi Nairobi, mwaka ule ule mzee alipoamua kwamba ng'ombe aliyebaki angesomesha mmoja tu, Kinuthia akatolewa kidato cha pili akaenda kuuza viazi soko la Karatina. Viazi si vibaya, vimemlisha hadi leo.

Tarehe 1 Agosti 1978 marehemu aliajiriwa serikalini kama msaidizi wa mpima ardhi, akapelekwa Nanyuki, na mwezi wa Machi 1983 akatumwa Lorupai, kijiji cha Wayaaku, watu wa nyuki wanaoishi kandokando ya msitu wa Mukogodo, aangalie ardhi ile ni ya nani. Sisi watu wa huku tunajua kwamba mpaka ni itoka, lile ua lenye mizizi mizito walilopanda babu zetu baina ya shamba na shamba, na atakayeling'oa hulaaniwa, basi Dedan alitembea siku nne akitafuta itoka, akatafuta mtaro, akatafuta hata jiwe lililosimamishwa, hakuona chochote, wala hakumuuliza mtu, akaandika kwenye ripoti yake kwamba ardhi haina mwenyewe. Kwa ripoti hiyo nusu ya Lorupai ikapewa tajiri mmoja wa ng'ombe, ikazungushiwa waya, na watu wakaambiwa wasivuke.

Kosa hilo aliligundua wakati wa kuoa. Mahari ya Monicah ilipangwa tarehe 20 Oktoba 1984, na wazee wa upande wao walitaka muratina, ile pombe yetu ya jadi, ya asali halisi, si ya sukari, kwa hivyo Dedan akarudi Lorupai kununua asali kwa mfuga nyuki mmoja, Mzee Lesian, akauona mzinga mzuri juu ya mti karibu na njia, akaomba huo urinwe. Mzee akamkatalia, akamwambia, "Hiyo mzinga si yangu, ni ya mke wa ndugu yangu, na hiyo miti yote ni yake mpaka kule kwa mto. Ameenda Isiolo. Ngoja arudi, umuulize." Dedan akangoja siku tatu, akiketi chini ya mizinga, na katika siku hizo Mzee Lesian akamwonyesha mti mmoja mmoja, wa nani, aliurithi kwa nani, ukoo gani unaishia wapi, mpaka mpima ardhi akaelewa kwamba mipaka aliyoitafuta ardhini ilikuwa juu ya kichwa chake. Huku nyumbani asali ilichelewa, muratina ikapikwa haraka, ikanywewa changa, na aliyesimama kuwaomba radhi wazee waliokunja nyuso ni Kinuthia.

Harusi ilifungwa kanisani Karatina tarehe 15 Desemba 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu, Shiku mwaka 1986, Peterson mwaka 1989 na Lynn mwaka 1994, ambao wote wapo hapa, na ambao walijua kwamba baba yao Krismasi moja atakuwa nyumbani na inayofuata hatakuwa. Monicah alivumilia, na familia inamshukuru. Kinuthia hakuvumilia, aliwahi kusema mbele ya mama yetu kwamba mcheza kwao hutunzwa, huyu anacheza ugenini, na mama akamjibu kwamba aache maneno ya kike, ajifunze kwa kaka yake.

Tarehe 30 Juni 1998 marehemu aliacha kazi ya serikali, akaanza kutembea msituni na Mzee Lesian, na mzee alipofariki akatembea na binti yake Naisula, mti kwa mti, wakiandika jina la mwenye mzinga, la baba yake na la babu yake, hadi daftari zikawa kumi na moja, na daftari hizo ndizo zilizobebwa mahakamani, ambako Dedan alisimama mbele ya hakimu na kukiri kwamba ripoti ya 1983 aliiandika yeye na ilikuwa ya uongo kwa sababu ya ujinga wake. Ilichukua miaka mingi, lakini tarehe 8 Oktoba 2021 watu wa Lorupai walipewa hati ya ardhi ya jamii, waya ukaondolewa, wakajenga ghala lao la asali na kuanza kuiuza kwa jina lao wenyewe.

Hapo ndipo ndugu wawili walipokosana. Tangu 1999 Kinuthia alikuwa akinunua asali ya Lorupai kwa mgongo wa jina la kaka yake, akiiuza Karatina, Kagio hadi Wang'uru katika chupa zilizoandikwa Asali ya Kinuthia, na kweli waliosema fuata nyuki ule asali hawakukosea. Mwezi wa Februari 2022 aliitwa ghalani, Naisula akamwambia, "Mzee, asali tutakuuzia kama wengine, lakini hiyo jina yako utoe kwa chupa, asali ni yetu." Dedan alikuwa ameketi pale pale mezani, akanyamaza. Biashara ingeweza kusameheka, lakini kule kunyamaza kulimchoma Kinuthia rohoni, akakaa karibu miaka mitatu bila kusema na ndugu yake, ilhali mashamba yao yanapakana.

Mwezi wa Septemba 2024 marehemu alianza kuumwa na tumbo, ikabainika ni saratani, akafanyiwa upasuaji mjini Nyeri tarehe 11 Novemba 2024. Kinuthia alienda kumwona siku ya tatu, akamkuta Naisula ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, na Dedan akicheka na wazee wawili kwa lugha ambayo Kinuthia haijui, akasimama mlangoni na ndizi zake mkononi akitamani saratani iwe yake ili achekewe hivyo. Walisalimiana, wakaongea habari za mvua. Tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi, Dedan alifariki nyumbani mikononi mwa Monicah, akiwa na miaka sitini na minane, na Kinuthia, aliyekuwa Kagio akinunua nyanya, aliipata habari kwa simu kutoka Lorupai.

Alipoketi kuiandika historia hii aligundua kwamba hakujua kaka yake aliacha kazi lini wala alilazwa tarehe gani, ikambidi ameze mate machungu ampigie Naisula, na kila tarehe ya kazi na ya ugonjwa mliyoisikia tangu mwaka 1998 imetoka kwake. Mwisho wa simu Naisula akaongeza jambo ambalo hakuulizwa, kwamba siku ya hati wazee walitaka kumpa Dedan miti na mizinga awe mtu wao, naye akakataa, akawaambia, "Mimi niko na kwetu, Ragati, tumepakana na ndugu yangu." Kinuthia angependa kuwaambia kwamba wivu uliishia hapo. Haukuisha, ulizidi, kwa sababu maneno hayo yalimhusu yeye, na walioyasikia ni wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Nyeri, majirani wa Ragati mliopika na kuleta viti bila kuitwa mara mbili, na wapima ardhi wenzake waliosafiri kutoka Nanyuki. Watu wa Lorupai hawashukuriwi, kwa kuwa mwenye msiba hashukuriwi, hupewa pole. Poleni.

Kuhusu jeneza, watu watano wa Lorupai wasogee mbele sasa, na Kinuthia anawaomba, hapa hadharani, wamwachie mshikio mmoja. Lala kwa amani, Ngatia, na upumzike, baba.