Mwanamke wa Kwenye Diski

Mwaka ule wa uasi nilikuwa ndani ya bac, kile kivuko kikubwa, tunavuka mto kwenda Lubunga. Papa mmoja, mzee aitwaye Augustin, alikumbatia diski ya muziki yenye picha ya mwanamke mweupe, utafikiri amebeba mtoto mgonjwa.

“Huyu ni muimbaji wa Ugiriki,” akamwambia jirani yake, mama wa Kiislamu mwenye rangi na pua ya babu zake Waarabu. “Muji muzima, ni mimi tu namujua.”

“Jina lake?”

“Bon, maandishi yao haisomeki.” Akatuimbia kidogo. Hata mbuzi waliokuwa ndani ya bac wakanyamaza.

“Anaimba ao analia?” mama akauliza. “Huyu wamemuibia kuku.”

“Mama, masikio yako iko ya rumba tu!”

Bac ikagusa ukingo. Siku zile waasi walifunga watu kwa kitu chochote cha wazungu. Askari wao mmoja akanyakua diski. “Huyu muzungu iko nani?”

Papa Augustin, msemaji wetu, akaanza kuhesabu mbuzi.

“Ni shangazi yangu,” mama akasema. “Angalia pua.”

Askari akaangalia pua zote mbili, ya picha na ya mama, akarudisha diski. “Alors, anaimba?”

“Wapi! Analia tu,” mama akajibu.

Papa Augustin akafungua mdomo kubisha. Nikamkanyaga mguu.